Jioni ya Nyumbani ni Shamba la Mama



Katika gazeti letu hili tunaongea mara nyingi juu ya franka: mtaji, likelemba, deni la soko, vifaa vya shule. Ni vizuri, maana bila franka nyungu haikai motoni. Leo tunataka kuongea juu ya mali nyingine ambayo kila mama anayo, awe na duka ao awe anauza makala kwa vifurushi vidogo kando ya njia. Mali hiyo ni saa za jioni, tangu nyungu inapowekwa kwenye mbabula mpaka watoto wanapolala.

Hapa Bukavu saa hizo tunazijua. Mama anarudi kutoka soko la Kadutu ao la Nyawera, miguu imejaa vumbi ao matope kufuatana na majira. Mmoja wa watoto anapepea makala, mwingine ametumwa kuchota maji. Umeme unaweza kuwapo, unaweza pia kukosa. Mkubwa ana kazi ya shule ya kuandika, mdogo analia njaa. Papa bado hajafika, ao amefika na anasikiliza habari kwenye redio. Wamama wengi wanaona hizo kuwa saa za kelele, saa za kumalizia kazi ili walale. Sisi tulio wamama na walimu pia, tunaona kwamba hiyo ndiyo shule ya kwanza ya mtoto. Na tunaogopa, kwa sababu shule hiyo inafungwa polepole, nyumba kwa nyumba, na hakuna anayepiga kengele.

Jioni za wazee wetu

Wengi wetu, ao wazazi wetu, tulitoka vijijini: Kabare, Walungu, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Fizi. Wengine walikuja mjini kutafuta masomo na kazi, wengine walikimbia vita. Kule kijijini moto wa jioni ulikuwa mmoja. Aliyetaka joto alikuja kwenye moto, na aliyekuja kwenye moto alisikia maneno ya wakubwa. Mtoto hakuitwa ili aje kufundishwa. Mikono yake ilikuwa inachambua maharagi, na masikio yake yalikuwa wazi. Hivyo alijifunza majina ya mababu, ukoo wa mama yake, namna ya kusalimia wakwe, sababu ya kutocheza na chakula, na jinsi sungura mdogo alivyomshinda chui mwenye nguvu.

Tusidhani kwamba hadithi hizo ni mambo madogo ya kulaza watoto. Kunako mwaka 1956, katika nchi ya Banyanga, huko Walikale, mzee mmoja aitwaye Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo, akiimba na kucheza, na kazi ya kuisimulia na kuiandika ilichukua siku 12. Mwaka 1969 hadithi hiyo ilitoka kitabu, kwa kazi ya Daniel Biebuyck na ya Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Munyanga. Leo inasomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo.

Na hadithi yenyewe inasema nini? Shemwindo, chifu wa Tubondo, anaamuru wake zake wote wazae wasichana tu. Mmoja wao anazaa mvulana, ndiye Mwindo. Baba anamkataa, anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Anayempokea ni shangazi yake, Iyangura. Baada ya safari ndefu na vita vingi, Mwindo hamwui baba yake. Wanapatana, na wanagawana nchi. Mama mmoja anaweza kutoa humo masomo mangapi! Kuna mtoto aliyekataliwa kwa sababu ya jinsia yake, kuna shangazi aliyesimama upande wa mtoto, kuna mzazi na mwana waliopatana baada ya ubaya mkubwa. Ni mambo ya nyumba zetu za leo kabisa.

Ndugu zetu Balega nao walikuwa na kamba waliyoiita mutanga. Walitundika juu yake vitu vidogo vidogo vya msituni na vya nyumbani, na kila kitu kilikuwa na mithali yake. Mtu aliposhika kitu kimoja alikumbuka neno lake, akalieleza. Hicho kilikuwa kitabu cha watu ambao hawakuwa na karatasi.

Mwindo alipata mtu wa kumwandika. Lakini kila mwaka tunazika koko wengi ambao hakuna aliyewauliza kitu, na hadithi walizozijua zinakwenda pamoja nao kaburini.

Yale tunayoyaona darasani

Tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bila malipo katika shule za serikali, mwezi wa tisa mwaka 2019, watoto wengi wameingia shule. Tunashangilia jambo hilo. Lakini madarasa yamejaa, na hata mwalimu mwenye moyo mwema hawezi kumpa kila mtoto dakika tano za kusema. Mtoto anaweza kumaliza juma zima bila kutamka sentensi tatu zilizo zake mwenyewe. Anarudia pamoja na wengine, anaandika kilicho ubaoni, anakwenda nyumbani. Kama nyumbani nako anaambiwa tu «nyamaza», «leta», «kimbia», ni wapi atajifunza kupanga mawazo yake kwa mdomo?

Katika kazi yetu tunatambua upesi mtoto aliyezoea hadithi. Anajua kungojea mwisho. Anakumbuka nani alifanya nini, na kitu gani kilitangulia. Tukisoma tatizo la hesabu juu ya mama aliyenunua sambaza, akauza nusu na kukopesha jirani sehemu, mtoto huyo anamfuata yule mama hatua kwa hatua mpaka mwisho. Mwenzake anashika namba mbili za kwanza na kuzijumlisha mbiombio, bila kujiuliza kama sambaza wameongezeka ao wamepunguka. Wote wawili wanajua kujumlisha. Mmoja amezoea kusikiliza.

Tuguse pia jambo la lugha. Katiba yetu inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Hata hivyo kuna nyumba ambamo mtoto anakemewa akisema Mashi ao Kilega, wazazi wakidhani kwamba itamharibia Kifaransa. Sisi tunaofundisha tunaona vingine. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya nyumbani anajifunza lugha ya pili kwa urahisi zaidi, kwa sababu vitu vyenyewe anavijua tayari, anatafuta jina jipya tu. Aliyelelewa kwa Kifaransa kidogo cha kuamuru, njoo, kula, lala, anakuja shuleni akiwa hana maneno ya kutosha katika lugha yoyote. Na siku koko anapotoka kijijini kuja kutembea, mtoto huyo anakaa mbele yake kama mgeni.

Anayezoea kusema, atasema

Hapa tunaomba kila mama asikilize vizuri, maana ni jambo zito kuliko alama za shule.

Watoto wetu wanakutana na mambo mengi tusiyoyaona. Wanakutana nayo njiani, kwenye bomba la maji giza likiingia, kwa jirani mwenye televizyo, na pengine kwa mtu mkubwa ambaye sisi wenyewe tunamheshimu. Kuna anayetishwa, kuna anayepewa biskuti na kuambiwa asimwambie mama. Tunawaambia watoto: «Ukipata shida, uniambie.» Lakini mtoto hawezi kuanza kusema siku ya taabu kama hakuzoea kusema siku za amani.

Mama mmoja alitusimulia jambo hili. Binti yake alikuwa anachambua maharagi pamoja naye. Ilipofika zamu ya binti kutoa hadithi, akaanza: «Kulikuwa na msichana mmoja, kila akienda kuchota maji, mtu mmoja wa pikipiki anamwambia apande.» Mama alisikia moyo umepiga, lakini mikono yake haikuacha maharagi. Akauliza tu: «Kisha msichana huyo akafanya nini?» Kidogo kidogo hadithi ikageuka kuwa habari ya kweli. Tangu siku ile watoto wa parseli hiyo wanakwenda majini kwa kundi na mchana, na wakubwa wa avenyu walikwenda kusema na yule mtu. Kama mama angepiga kelele papo hapo, ao kama nyumba hiyo isingekuwa na desturi ya hadithi, labda habari ingefika wakati ubaya umekwisha kutendeka.

Na kama mtoto anakuambia kwamba ubaya umetendeka, usimpige na usimlaumu. Mwambie umemwamini, na mpeleke hospitalini upesi, kabla saa 72 hazijapita. Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ambazo zinafaa zikianzwa ndani ya muda huo, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo inavyokuwa bora. Hata kama muda huo umepita, mpeleke, maana bado kuna msaada.

«Lakini sisi tumechoka»

Tunasikia wamama wakitujibu: «Mama mwalimu, mimi nimesimama sokoni tangu asubuhi. Hadithi nitaitoa wapi?» Ni kweli. Hakuna aliye na haki ya kumwongezea mama kazi ya tisa juu ya zile nane. Ndiyo sababu hatusemi utenge saa mpya. Tunasema utumie ile iliyopo. Sombe inahitaji kuchemka muda mrefu, hatuwezi kuiharakisha, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu ambayo inatoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri. Basi wakati wa kungojea sombe ni wakati wa maneno. Kumenya vitunguu, kuchambua mchele, kukunja nguo, kusuka nywele za binti, hizo zote ni kazi za mikono. Mdomo uko huru.

Lakini tuseme ukweli mwingine. Kama msichana ndiye anayechota maji, anayeosha vyombo na kubeba mdogo wake mgongoni, huku kaka yake akitazama mpira, basi mama na binti hawatapata jioni hata tukihubiri namna gani. Kijana anayepepea makala na kuosha sahani hapungukiwi kitu. Anajifunza kujisaidia, na siku moja mke wake atatushukuru. Kazi ikigawanywa kwa wote, inaisha mapema, na wote wanakaa pamoja.

Wapapa nao wasikae kando. Papa anayesimulia jinsi alivyovuka mto akiwa mtoto, ao jinsi alivyopata kazi yake ya kwanza, anampa mtoto wake kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Kuna watoto wengi wanaojua sauti ya baba yao kwa kukemewa tu.

Na telefone? Wengine wanasema ndiyo imeua jioni. Sisi hatuifukuzi, maana ndiyo inayotuletea habari za soko na za ndugu walio mbali. Tunasema tu isimeze nyumba nzima. Wakati wa chakula iwekwe juu ya kabati, ya mama pamoja na ya watoto. Na inaweza kutusaidia. Siku ya Mungu jioni, mkiwa na yunite kidogo, mpigieni koko aliyebaki kijijini, fungueni sauti kubwa, na mumwombe awasimulie kitu kifupi. Watoto watasikia Mashi ao Kilega iliyo safi, na koko atalala akijua kwamba bado ana kazi katika ukoo.

Mambo manne ya kujaribu

*Kitendawili kimoja kila jioni.* «Kitendawili!» «Tega!» Watoto wetu bado wanajua kujibu hivyo. Tusiishie kwa vile vya zamani tu, tuwaache watunge vyao kwa vitu wanavyoviona. Hivi viwili tuliunda pamoja na watoto: «Akiingia ni mweusi, akikaa ni mwekundu, akitoka ni mweupe.» Ni makala ya mbabula. Na hiki: «Nyota zangu zinalala mchana, usiku zinashuka majini kutafuta chakula.» Ni taa za wavuvi wa sambaza ziwani. Mtoto anayetunga kitendawili analazimika kutazama kitu vizuri na kutafuta maneno yaliyo sawa. Ni somo la sayansi na la lugha kwa mara moja.

*Kamba ya nyumba.* Tufuate mfano wa Balega. Chukueni kamba, muitundike ukutani. Kila juma mtoto mmoja afunge juu yake kitu kidogo: nyoya la kuku, kifuniko cha chupa, punje ya mahindi, kipande cha kikwembe, na aseme kinamkumbusha neno gani. Baada ya miezi michache nyumba itakuwa na kitabu chake.

*Habari za kweli za mahali petu.* Hadithi si lazima iwe ya sungura. Watoto wanashangaa wakisikia kwamba sambaza tunaowala si wenyeji wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni chakula na mapato ya nyumba nyingi za pande zote mbili za ziwa. Hata samaki alikuja kama mgeni, akawa mtu wa nyumbani. Waelezeni pia jina la kartie yenu linatoka wapi, nani alijenga nyumba mnamokaa, na kwa nini mtoto alipewa jina alilo nalo.

*Mtoto naye asimulie.* Mama asiwe redio. Baada ya hadithi tumwulize mtoto: «Wewe ungefanya nini?» Na tungojee jibu, hata likichelewa. Mtoto mwenye haya tusimcheke mbele ya wenzake.

Pamoja na hayo kuna hadithi za kuacha. Tuache zile zinazofundisha kwamba kabila fulani ni wezi ao wajinga. Nchi yetu imelia vya kutosha kwa sababu ya maneno ya namna hiyo, na mengi yao yalianzia jikoni. Tuache pia kuwatisha watoto kila jioni kwamba ajuza fulani ni mchawi. Mtoto aliyelala na maneno hayo ndiye kesho atakayerusha jiwe kwa mjane wa jirani. Katika jimbo letu tumekwisha kuona wamama wazee wakifukuzwa, hata kuuawa, kwa neno kama hilo. Hadithi ni kama kisu cha jikoni: kinakata mboga, kinaweza pia kumkata mtu.

Kazi ya vikundi vyetu

Tuna likelemba, tuna AVEC, tuna vikundi vya sala na vya ushonaji. Kila mara tunapokutana tunahesabu franka, na tunaandika kila kitu katika kitabu cha sanduku. Tunapendekeza kila kikundi kinunue daftari moja zaidi, ya kurasa 100 tu. Kabla ya kuhesabu franka, mama mmoja atoe hadithi, mithali ao kitendawili cha kwao, kwa lugha ya kwao, kisha akieleze kwa Kiswahili. Anayejua kuandika aandike: maneno yenyewe, lugha gani, kijiji gani, na nani alimfundisha. Mama asiyejua kusoma hatakuwa wa mwisho katika kazi hii. Mara nyingi yeye ndiye atakuwa mwalimu wetu, sisi tuwe waandishi wake.

Kila mwezi wa pili, tarehe 21, dunia inakumbuka siku ya lugha ya mama, na mwezi wa tatu ni mwezi wetu wa wanawake. Mara nyingi tunangojea mwezi wa tatu kwa kuchagua kikwembe cha kuvaa pamoja. Tukivae, kinatupendeza. Lakini ingekuwa vema siku hiyo kila kikundi kije pia na daftari lake mkononi, na msichana mmoja asome mbele ya watu neno alilolipokea kutoka kwa koko yake.

Kwa juma hili tunawaomba kitu kimoja tu. Kesho jioni, nyungu ikiwa motoni, mwulize mtoto wako swali moja ambalo si la kazi wala la shule. Kisha ukae kimya umsikilize mpaka amalize. Atakayesikia jambo zuri, kitendawili kipya ao mithali ya kwao, alete kwenye mkutano wa kikundi. Tutazipanga katika gazeti hili, kila moja na lugha yake.

Tunawatakia jioni njema, ninyi na nyumba zenu.